Ushuhuda wa Goti Langu

Kwa Vonza,
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu Katunge,

Kabla hujafika mstari wa pili, inuka uone mama yuko wapi. Kama yuko jikoni, toka nje na barua hii. Kama yuko shambani, toka nje pia, kwa sababu nyanya yetu Susu hufumba macho tu pale kitandani, hasinzii, na akisikia jina langu atamwita mama kwa sauti. Nakuomba, dada, kama nilivyokuomba zamani unisaidie kuzika ile sahani ya maua niliyoivunja: neno lolote lililo humu lisitoke. Usimwambie mama. Usimwambie shemeji, maana shemeji ni mtu mzuri lakini hawezi kubeba siri kutoka mlangoni hadi barabarani. Ukimaliza kusoma, weka karatasi hizi chini ya sufuria ya mahindi ya muthokoi ziungue.

Sasa nikusalimu kama mtu mwenye adabu. Hamjambo nyote? Mtoto ameanza kusimama akishika kiti, au bado anatambaa kama askari? Mbaazi za kule chini zimetoa maua? Hapa mvua ilikuja siku nne ikaondoka bila kuaga, na ndengu za watu zimesimama zikingoja. Mimi ni mzima kutoka kichwani hadi mapajani, na kutoka muundini hadi unyayoni. Habari yenyewe iko hapo katikati.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Ni kwa sababu simu yako bado ni ile iliyoanguka ndani ya pipa la maji, na ya mama hupokelewa kwa spika, mezani, na nyumba nzima inajibu. Barua hii nitampa dereva anayeleta mbuzi huko kwenu. Nimemwambia akupe wewe mkononi, na kama hupo airudishe. Kwenye ramani iliyo ukutani ofisini, Kalamba na Kwa Vonza ni nafasi ya vidole vitatu tu. Lakini siku hizi kila mahali napapima kwa goti, na kwa goti hili nyumbani ni mbali kama nchi ya watu wengine.

Nianze mwanzo, kwa sababu pale nyumbani niliwasimulia nusu.

Unajua kazi yangu. Siku ya soko nasimama kwenye lango la mifugo na kitabu cha vibali: rangi ya mnyama, alama ya sikio, jina la mwenyewe, anatoka wapi, anaenda wapi. Siku ile fahali mmoja mwekundu alikata kamba. Hakunigusa, dada. Watu wote wanafikiri aliniangusha, na nimewaacha wafikiri hivyo kwa sababu inaonekana ni ajali ya heshima. Ukweli ni kwamba nilimwona akija, mguu wa kulia ukabaki ardhini, mwili ukageuka, na ndani ya goti kitu kikalia pap! kama ganda la mbaazi likipasuka juani. Sikuanguka mara moja. Nilisimama nikiwa nimekumbatia kitabu, vumbi likapanda polepole, jua likaingia ndani ya vumbi, mbuzi wakapita mbele yangu bila sauti kama wanaogelea, na mimi nikawa nafikiria ule mtaro wa juu kabisa kwenye mteremko wa shamba letu, wenye nyasi ndefu, tulipokuwa tukianzia mbio. Niliwaza kwa utulivu kabisa: sasa naruka. Ndipo nikajikuta nimekaa chini na watu wananiuliza jina langu.

Goti lilivimba likawa kama kibuyu. Hospitali walinipiga picha ya kwanza wakasema mfupa haujavunjika, nikafurahi. Halafu wakanipeleka kwenye ile mashine kubwa inayogonga kama mtu anayepiga bati, na daktari akaniita. Alisema ndani ya goti kuna kano inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele, na yangu imekatika kabisa, na kano hiyo ikikatika haijiungi tena yenyewe.

Akaniwekea njia mbili mezani. Ya kwanza ni upasuaji: wanachukua kipande cha kano nyingine nyuma ya paja langu, wanakipitisha ndani ya goti mahali pa ile iliyokatika, na baada ya hapo ni mazoezi kwa miezi mingi, karibu mwaka. Ya pili ni mazoezi pekee: misuli ya paja inafundishwa kazi ya ile kano mpaka goti litulie.

"Ipi ni bora, daktari?" nikamuuliza.

"Kuna watu wanaishi vizuri na mazoezi peke yake," akasema. "Kuna wengine goti linawaachia kila siku na lazima tuwapasue. Sitaki kubahatisha. Fanya mazoezi miezi mitatu. Goti lenyewe litatuambia."

Mwalimu wa mazoezi anaitwa Mutinda, kijana mwenye mdomo. Siku ya kwanza alinitazama nikitetemeka akasema, "Karani, ukichagua kisu, utarudi kwangu. Ukikataa kisu, uko kwangu. Mimi hunikwepi." Akanipa daftari dogo. Akaniambia kila goti linapoachia, yaani linapoteleza ghafla kama mlango uliotoka kwenye bawaba, niandike siku na nilichokuwa nikifanya. Kama halikuachia, niandike "hakuna". Alisema daftari hilo ndilo daktari atakalolisoma siku ya kuamua.

Hebu fikiria, dada. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuandika kilicho mbele ya macho yangu.

Ni alasiri sasa. Nimelala na mguu juu ya mto, na kitabu cha zamani ndicho meza ya barua hii. Paa langu la mabati lina vitobo vya misumari, na jua likifika upande huu vitone vya mwanga huanguka sakafuni, vinatembea polepole hadi ukutani, vinapanda. Navitazama mpaka sijui kama nimelala. Huwa naota mchana kwamba tuko wadogo, tunashuka mitaro mbio, mmoja baada ya mwingine, vumbi jekundu miguuni, na kule chini ni ule ua wa mkonge. Unakumbuka sheria? Mshindi hakuwa anayefika kwanza. Mshindi alikuwa anayegeuka bila kugusa mkonge. Wewe uligeuka kama upepo. Katika ndoto nami nageuka, nageuka tu bila mwisho, na mchanga wa mtoni unang'aa kwa mbali, na mama anatuita tukale, na goti halina habari. Halafu naamka na kulitazama. Limelala pale kama mgeni.

Sasa nifike mahali ninapoogopa.

Unajua mama alifunga siku tatu kwa ajili yangu. Hakula, akanywa maji ya jioni tu, na wanawake wa kanisa wakafunga pamoja naye. Nilipokuja nyumbani ile wikendi, uvimbe ulikuwa umeisha. Uvimbe huisha, dada, Mutinda alikuwa ameniambia mapema kwamba utaisha, na kwamba mtu hutembea vizuri kabisa akienda mbele. Lakini mama hakuwa amesikia maneno ya Mutinda. Alinifungulia lango, akaniona natembea, akaweka mikono kichwani. Alichukua gongo langu la kutembelea akaliweka nyuma ya mlango wa stoo. Uso wake ulikuwa kama wa msichana. Nani angeuzima uso ule?

Kanisani mchungaji aliuliza tu kwa upole, "Mueni, binti yetu, unaweza kutembea?" Nikasema, naweza. "Kuna maumivu?" Nikasema, hakuna, na kwa kweli dakika ile hayakuwepo. Akasema, "Njoo utuambie." Nikatoka kwenye benchi la nyuma, nikapita katikati, moja kwa moja hadi mbele, ngoma zikaanza, mama akalia, watu wakasimama. Nikasema Bwana amenigusa. Yote niliyoyasema ukiyachukua moja moja yalikuwa kweli. Ukiyaweka pamoja ulikuwa uongo.

Halafu ilibidi nirudi kwenye kiti, na kurudi ni kugeuka. Goti likaachia. Nikashika benchi la wanakwaya, nikatabasamu, nikainamisha kichwa kama mtu anayeshukuru. Wewe ulikuwa umekaa karibu na dirisha na mtoto. Watu wote walikuwa wakinitazama usoni. Wewe ulikuwa ukinitazama mkono.

Hukuniuliza. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Tangu siku hiyo daftari la Mutinda linasema "hakuna". Hakuna, hakuna, hakuna, ukurasa mzima, mwandiko mzuri. Kumbe liliachia nikigeuka kuchukua muhuri mezani. Liliachia bafuni. Liliachia nilipogeuka kumwitikia mtu aliyesema tu habari yako. Mara mbili limekwama, likakataa kunyooka mpaka nilipolitikisa. Nilijiambia kwamba nikiandika ukweli daktari atasema upasuaji, na upasuaji una kovu, na kovu halifichwi na sketi mtu akipiga magoti kanisani. Na kisu chenyewe nakiogopa, nisikudanganye. Wanakuchoma sindano mgongoni na kutoka kiunoni kwenda chini unakuwa hupo, huku masikio yanasikia vyuma. Nimekuwa nikiyapenda mazoezi kwa sababu mbaya, dada. Ni njia nzuri, daktari alisema, lakini mimi naitumia kama mahali pa kujificha.

Haya yote ningeweza kuendelea kuyabeba. Lakini wiki jana ulinipigia kwa simu ya mama, na ukiwa unacheka ukasema, "Ati mama ameacha dawa za presha!" Na mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Mwambie nimeziweka ndani ya kopo la mbegu za mboga! Mungu wa goti ndiye Mungu wa presha!" Mkacheka wote. Hata Susu nilimsikia. Mimi pia nilicheka, kwa sababu spika ilikuwa wazi, halafu nikakaa kwenye kitanda nikiliwaza lile kopo.

Unakumbuka alivyoanguka karibu na kisima mwaka ule, mdomo umepinda, na tulivyomwita hajibu. Tangu hapo hajawahi kuruka kidonge. Sasa amekiruka kwa ajili ya goti ambalo halijapona.

Nishauri. Jumatano naenda kwa daktari, ndiyo siku ya kuamua. Nikipeleka daftari hili kama lilivyo, nitaendelea na mazoezi, hakuna atakayejua, na wewe unaweza kumshawishi mama ameze dawa zake kwa njia nyingine. Mwambie ni vitamini. Mwambie chochote. Nikisema ukweli, mama atasimama vipi mbele ya wale wanawake waliofunga naye? Sijui. Nafunga barua hapa kwanza, dereva amesema hataondoka kabla ya Alhamisi.

Jumatano, jioni kabla ya giza

Dada, naendelea kwenye karatasi nyingine kwa sababu yametokea mambo.

Jana ilikuwa siku ya soko. Kuna mwanamke anaitwa Mama Halima, wa wale waliotoka kaskazini mashariki, ananunua mbuzi na ng'ombe hapa na kuwapeleka mbali. Ana miwani yenye kioo kimoja kilichopasuka na huona kuliko sisi wote. Aliniita nikiwa langoni.

"Karani, kuja hapa."

"Niko kazini, Mama Halima."

"Kazi gani? Umeandika beberu wangu ni mweupe na yeye ni wa kahawia. Kuja."

Nikaenda. Alikuwa amesimama mbele ya mtamba mmoja mzuri, manyoya yanang'aa, na mwenyewe anamsifu.

"Huyu mtu," Mama Halima akaniambia, bila kumtazama mwenye ng'ombe, "amempitisha huyu mbele yangu kama bibi harusi. Anaenda huko, anasimama. Anaenda huko, anasimama. Mimi nimesema mzungushe. Hataki."

"Si ni mzima, mama?" yule mtu akalalamika. "Umemwona akitembea!"

"Kutembea hata mgonjwa anatembea. Mzungushe."

Akamzungusha. Mzunguko wa kwanza, sawa. Wa pili, mguu wa nyuma ukayumba kidogo tu, kidogo sana, na Mama Halima akageuka akaenda zake kama mtu aliyesikia adhana. Madalali wakacheka. Nami nikacheka. Alipofika kwangu akasimama.

"Sasa wewe."

"Mimi nini?"

"Ile ndoo ya maji. Izunguke mara mbili."

"Mama Halima, mimi si mtamba."

"Hapana. Mtamba ana bei." Madalali wakapiga makofi. "Zunguka!"

Sijui kwa nini nilizunguka. Pengine nilikuwa nimechoka. Ilikuwa saa sita, jua liko wima, vumbi limesimama hewani kama siku ile ya fahali, na nilianza kuizunguka ile ndoo na mbingu ilikuwa ndani ya ndoo, bluu, na wingu moja dogo. Mara ya kwanza nilifika. Mara ya pili niliona wingu likiinama, na goti likaachia, nikaishika ndoo na maji yote yakamwagika miguuni kwa watu. Hakuna aliyecheka.

Mama Halima alinishika kwapani akaniinua. Alisema polepole, "Ningekuwa nakununua, ningeomba bei ya supu." Halafu akanitazama kwa kile kioo kizima. "Nani alikuandikia kibali wewe?"

Nikasema, "Nilijiandikia mwenyewe."

Nilirudi ofisini nikalitoa daftari la Mutinda. Kazini kwetu hatufuti, dada. Ukikosea mnyama, unapiga mstari mmoja juu ya neno, ili lisomeke bado, unaandika lililo sahihi kando, unaweka sahihi yako. Nilikaa mpaka watu wakaisha sokoni. Kila "hakuna" niliyoijua ni ya uongo niliipigia mstari, nikaandika: muhuri. Bafuni. Salamu. Ngazi. Limekwama. Nilipofika ile Jumapili ya Kalamba nikaandika: kanisani, nikigeuka.

Leo asubuhi nilimpa Mutinda. Alilisoma akiwa amesimama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mdomo.

"Hili ni goti la nani?" akauliza.

"Langu."

"Na lile nimekuwa nikiliongezea uzito kila wiki?"

Nikamwonyesha kwa kidole sahihi zangu kando ya mistari.

"Mueni, umeniumiza moyo. Mimi nilikuwa nafundisha goti la mtu mwingine." Akafunga daftari, akalifungua tena. "Kanisani?"

"Kanisani."

"Pole," akasema, na alimaanisha.

Daktari alilishika goti, akalivuta, akalizungusha, nikaona nyota. Alisema pamoja na kano, ile gegedu inayokaa kati ya mifupa imeanza kuchanika, ndiyo maana linakwama, na kila goti linapoachia linaisaga zaidi. Hakunigombeza. Alisema njia bado ni mbili: naweza kuvaa mkanda wa goti na kuanza mazoezi upya, kwa daftari la kweli safari hii, ila kwa goti linaloachia kwa salamu yeye hashauri. Au anapasua, anarekebisha gegedu na kuweka kano kwa mara moja. Akasema mguu ni wangu na jibu ni langu, na nisijibu kwa kuogopa mtu.

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la saruji chini ya dirisha la maabara. Muda huo sikuuota ule mtaro. Nilifikiria tu kwamba miezi hii yote nimeishi kwa kwenda mbele, nikipanga kila hatua nisije nikageuka, hata mtu akiniita nazunguka kidogo kidogo kama lori, na kwamba nimechoka. Nikarudi ndani nikasema upasuaji. Ni Jumanne ijayo asubuhi.

Nimesoma tena ukurasa wa kwanza wa barua hii. Utaona yale maneno ya usimwambie mama nimeyapigia mstari mmoja, na sahihi yangu iko kando. Usichome. Mama akirudi shambani, mkalishe, mpe chai, na umsomee kuanzia hapa:

Mama, ni mimi. Goti langu halijapona. Lilikuwa halijapona siku ile nilipokuja mbele, na nilijua nilipogeuka kurudi, nikashika benchi. Wewe hukukosea kufunga. Wale akina mama hawakukosea. Mchungaji aliniuliza vizuri na mimi ndiye niliyejibu nusu, kwa sababu niliuona uso wako langoni na sikutaka niwe mimi wa kuuzima. Sijui Mungu amepanga nini juu ya mguu huu. Najua tu kwamba hakuniambia niseme nilichosema. Kama dawa zako ziko kwenye kopo kwa sababu ya ushuhuda wangu, basi ziko pale kwa sababu ya uongo wangu, na nakuomba uzitoe. Enda na Katunge zahanati kesho, usingoje Jumapili, wakupime presha wakuambie uanze tena vipi. Unikasirikie baada ya kupimwa. Hasira nitaipokea yote, hata mbele ya wanawake wote. Nikiweza kutembea nitakuja kusimama pale pale niseme ilivyokuwa, na safari hii nitageuka mbele ya watu na gongo mkononi.

Dada, kama akinyamaza, usimharakishe. Ukimwona ameinuka kwenda kwenye rafu ya mbegu, mwache aende peke yake.

Nisalimie Susu, umwambie mjukuu wake anataka kujua kama amemaliza kile kiondo cha rangi mbili. Nisalimie baba mdogo wa mizinga, na asali nasubiri. Shemeji umwambie sasa anaweza kusema, siri imeisha, hata akianzia barabarani. Mbusu mtoto kwenye magoti yote mawili.

Na hivi ndivyo mtakavyonipata. Jumatatu nitalala hospitali, Kitui mjini, na simu yangu nitaizima wauguzi watakapoichukua, kwa hiyo msiogope kimya. Kama mama atakubali kuja, tokeni Kalamba alfajiri Jumanne, mpite Wote na Machakos. Gari la Kitui litapita hapa Kwa Vonza. Msishuke, hata mkiona soko. Shukeni mwisho wa safari, ulizeni hospitali, kila mtu anaijua. Mkifika langoni msimuulize karani wa mlangoni, huchanganya majina. Nendeni moja kwa moja hadi kwenye tangi la maji, halafu mgeuke kushoto. Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani kama watanipa nilichoomba. Mkichelewa kufika, Mama Halima atakuwa amekaa kwenye ngazi na miwani iliyopasuka. Amesema hataondoka mpaka aone wamenitoa chumba cha upasuaji. Mwiteni kwa jina, atawaleta.

Na lile gongo langu liko nyuma ya mlango wa stoo, mahali mama alipoliweka. Mwambie anibebee yeye mwenyewe.

Mdogo wako,
Mueni